Tableti ya kalamu na vidole: kalamu siiachi, vidole nimevizima nusu

Nimeitumia karibu mwaka sasa, kila siku, kuchora, kusafisha picha na kuandika juu ya PDF, kwahiyo nasema nilichokiona mwenyewe. Na tuelewane kwanza, siongelei zile tableti kama simu kubwa. Hii ni ubao mwembamba hauna picha wala taa, unauchomeka kwa USB, unaulaza mezani pale mausi ilipokuwa, unaandika juu yake kwa kalamu ila mstari unatokea kwenye skrini. Na ukiweka kalamu pembeni unatumia vidole kama kwenye pedi ya laptop.

Mimi nilinunua sababu ya mkono. Mausi ikifika jioni kifundo kinauma hadi kwenye kiwiko, na kazi yangu ni kukliki kutwa nzima. Kalamu unaishika vilevile unavyoandika, mkono umelala kiubavu, na baada ya wiki kadhaa maumivu yalipungua sana aisee. Hata ningekuwa sichori bado ningeinunua kwa hilo tu.

Ila siku za kwanza ni ngumu, nisikudanganye. Macho yako juu mkono uko chini, unajikuta unaangalia mkono wako alafu mstari umeshaenda sipo. Mausi ukiinyanyua ukaitua pengine mshale unabaki palepale, kalamu hapana, kona ya juu kushoto ya tableti ndo kona ya juu kushoto ya skrini, kila nukta ina mahali pake. Mi nilichofanya nikaificha mausi kwenye droo wiki mbili, hata kufungua mafolda natumia kalamu. Siku ya tano au ya sita hivi mkono ukazoea.

Sasa kitu ambacho ningependa mtu angeniambia mapema: ukichora duara ikatoka kama yai usilaumu mkono wako! Skrini na tableti hazina umbo sawa, tuseme skrini ni 16:9 (upana kwa kimo) na tableti ni 16:10, basi draiva, ile programu inayoiendesha tableti kwenye kompyuta, inavuta eneo lote la tableti lijae skrini na mchoro unapanuka. Ingia kwenye setingi za draiva utafute sehemu ya kulazimisha uwiano ulingane, utapoteza kipande kidogo cha tableti chini lakini duara itakuwa duara. Na kama una skrini mbili ifunge kwenye moja, la sivyo inajitandaza zote mbili na mkono ukisogea kidogo tu mshale umeruka mbali.

Kwenye Windows pia zima ile ya kubonyeza na kushikilia kupata kliki ya kulia, ndo inayoleta kile kiduara na kuchelewesha mwanzo wa mstari. Presha ikigoma, yaani ukikandamiza kalamu mstari haunenepi, angalia Windows Ink, sehemu ya Windows inayoshughulikia kalamu, kuna programu zinataka iwe imewashwa na zingine mpaka uizime, hapo nilipoteza jioni nzima.

Kalamu yenyewe naipenda mno. Haina betri, haichajiwi. Tableti inatoa mawimbi ya sumaku, koili ndogo ndani ya kalamu inapata umeme humo humo na kurudisha ishara, ndo maana mshale unasogea hata kabla ncha haijagusa, ukiwa juu kama sentimita moja hivi. Ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakuwa kama unywele. Yangu ina levo 1024 za presha, zipo za 4096 na 8192, lakini kwa mkono wangu 1024 zinatosha na ningekushauri uongeze hela kwenye ukubwa wa eneo la kuchorea kuliko kwenye hizo namba.

Vidole sasa. Wacom, kampuni ya kutengeneza tableti hizi, walitoa Bamboo Pen & Touch mwaka 2009, wazo likiwa kalamu mkono mmoja, vidole mkono mwingine, na wazo ni zuri kweli. Kuskroli kwa vidole viwili raha, kuzum kwa kubana na kutanua raha, kuzungusha karatasi huku unachora ni raha zaidi. Tatizo ni kiganja. Kalamu ikiwa karibu touchi inajizima yenyewe, sawa, lakini ukiinyanyua kufikiria kidogo na kiganja bado kimelala pale, karatasi inaruka, inazum, mara inazunguka. Vidole vina sensa yao tofauti na ya kalamu, ni kama ya simu, inahisi ngozi, kwahiyo nikavaa glovu ya kitambaa inayofunika kiganja na vidole viwili vya mwisho, ikapunguza sana. Na kitufe kimoja cha pembeni nimekiweka cha kuwasha na kuzima touchi. Kuchora nazima, kusoma na kupanga picha nawasha. Kama yako haina kitufe hicho, au huwezi kukipangia kazi hiyo, mi naona bora uchukue ya kalamu peke yake.

Ncha zinaisha, hilo ulijue. Uso wa tableti una ukwaru kidogo ili ihisike kama karatasi, na huo ukwaru unakula plastiki. Nimeshabadilisha tatu. Ukiona ncha imekatika upande mmoja kama patasi ichomoe, itaanza kuchuna uso wa tableti na ile michubuko haitoki tena, yangu ina mmoja katikati na kila nikivuta mstari mrefu nausikia mkononi.