Kuchangia hisani Uingereza: makato ya mshahara au Gift Aid?

Umeajiriwa Uingereza na unataka kuchangia benki ya chakula ya mtaani kwako? Makato ya mshahara (Payroll Giving), mpango ulioanza 1987, hutoa mchango kwenye mshahara wako kabla ya kodi ya mapato. Mchango wa pauni 10 hukugharimu 8 ukiwa kwenye kodi ya asilimia 20, na 6 ukiwa kwenye 40.

Kwa Gift Aid, mpango wa serikali wa kurudishia mashirika ya hisani kodi ya mchango wako, unatoa pauni 8 zilizokwisha kukatwa kodi, shirika linadai 2 serikalini: zilezile 10. Tofauti wanaiona wenye mshahara mnono, wa kodi ya asilimia 40. Kwa Gift Aid, nafuu yao ya kodi inayozidi asilimia 20 lazima waidai wenyewe, na makaratasi hayo, nani asiyejua, husahaulika.

Mimi ningechagua makato, ila mwajiri awe na mkataba na wakala aliyeidhinishwa wa kupeleka michango kwa mashirika. Kama hana, jaza fomu ya Gift Aid.