Mfuko wa UNESCO wa Urithi Usioshikika: unakifaa kikundi gani hapa Tanga?

Nyota tatu kati ya tano kwa kikundi kidogo kinachojitegemea. Nyota nne na nusu kwa vikundi vilivyoungana na vyenye halmashauri nyuma yao. Pengo hilo linatokana na namna mfuko wenyewe ulivyoundwa.

Sifa zake ni za kweli. Fedha ni ruzuku, hazirudishwi. Lengo lake ni mila zinazoishi: ngoma, masimulizi, ufundi, maarifa ya bahari na misitu. Magofu na majengo yana mifuko yao. Na kigezo cha kwanza cha kupima ombi ni kama wenye mila wenyewe wameshirikishwa tangu kuandaa wazo. Shida ni kwamba anayeomba ni serikali. Tanzania iliridhia Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi huu mwaka 2011, kwa hiyo nchi ina haki ya kuomba, ila kikundi cha Tongoni au Pangani hakiwezi kutuma fomu Paris kwa jina lake. Njia ni afisa utamaduni wa halmashauri yenu, kisha wizara yenye dhamana ya utamaduni, pamoja na Tume ya Taifa ya UNESCO. Karatasi ikilala kwenye meza moja, zote zinalala. Anayetaka kurekodi wazee kabla ya masika yajayo asitegemee mfuko huu.

Kiasi cha kuomba ni uamuzi wa kwanza. Ombi lisilozidi dola 100,000 hupokelewa wakati wowote na huamuliwa na Ofisi ya Kamati (Bureau), yaani wajumbe wachache wanaoongoza Kamati ya mkataba huo. Likizidi hapo, mwisho wa kupokea ni tarehe 31 Machi na linakwenda mbele ya Kamati nzima, yenye nchi 24. Bakini chini ya laki moja. Mfano wa jirani upo: mila za Kaya za Wamijikenda nchini Kenya ziliingizwa mwaka 2009 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na baadaye zikapata msaada wa mfuko huu. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka wa Horohoro, kwa hiyo kikundi cha Mkinga kina mengi ya kujifunza kwa ndugu zake wa Kwale kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Fomu inaitwa ICH-04, na jedwali la ratiba na bajeti huambatanishwa nayo. Inajazwa kwa Kiingereza au Kifaransa. UNESCO hiyo hiyo iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, lakini ombi la watu wa Mrima, pwani yetu hii, bado haliandikwi kwa lugha yao. Basi wekeni fungu la mfasiri mapema, na maelezo ya wazee yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, wayasome au wasomewe, ndipo yatafsiriwe. Wakishuhudia maneno wasiyoyaelewa, ushirikishwaji unabaki wa karatasi tu.

Bajeti ndiyo inayoangusha wengi. Chukueni mradi wa saa 60 za sauti: wavuvi, mafundi wa majahazi, makungwi, wachezaji wa mdumange kutoka milimani. Rekodi kwa faili la WAV, kHz 48, biti 24. MP3 hutupa sehemu ya sauti na hairudi tena. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho ni GB 1 na ushei, kwa hiyo saa 60 ni kama GB 62. Diski mbili za TB 1 zinatosha na kubaki, ilimradi ziwekwe nyumba mbili tofauti na nakala ya tatu iwe nje ya Tanga. Kwa hiyo vifaa si gharama kubwa, na anayeomba kamera tatu na droni ataulizwa ni mila gani inayochezwa angani.

Gharama kubwa ni kunukuu. Saa moja ya Kiswahili chenye sauti safi humchukua mnukuzi mzoefu saa nne hadi sita. Kidigo au Kisegeju, chenye maneno ambayo lazima umrudie mzee kumuuliza, saa kumi si ajabu. Saa zenu 60 ni kati ya saa 240 na 600 za kukaa na kusikiliza. Mtu mmoja akifanya saa sita kwa siku, hizo ni siku 40 hadi 100 za kazi, na malipo yake ndiyo mstari unaosahauliwa. Matokeo ni kabati lenye diski zisizojulikana zina nini. Halafu kuna ule mstari maarufu wa “warsha” usiosema watu wangapi, siku ngapi, nauli kutoka wapi. Uvunjeni vipande, la sivyo utaonekana ni posho tupu. Mchango wa nchi nao unaangaliwa: ukumbi wa halmashauri, mafuta ya gari na muda wa afisa huhesabiwa kwa fedha na kuandikwa kwenye safu yake.

Mpimaji mzuri hutambua kama mwombaji anaijua kazi. Fundi wa jahazi Pangani akieleza kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao, huku anapiga nyundo, hamtaambulia neno. Mrekodi mara mbili: kwanza kazi yenyewe, kinasa sauti kikiwa mita tatu au nne kando, kisha mazungumzo, nyundo ikiwa chini na maikrofoni imebanwa kifuani, kilele cha sauti kisivuke desibeli -12. Mkuku (uti wa chini wa chombo), taruma (mbavu zake), pamba ya kalafati, sifa (mafuta ya samaki) ya kupaka: kila kimoja kitajwe huku kinapigwa picha, maana bila picha mnukuzi atabaki na majina yasiyo na vitu. Msihoji chini ya bati siku ya mvua, na upepo wa kusi ukivuma maikrofoni isiyo na kifuniko cha manyoya hurekodi upepo peke yake. Hewa ya chumvi hula viunganishi vya vifaa, kwa hiyo begi liwe na vipakiti vya kufyonza unyevu.

Kuhusu idhini, fomu moja ya “nakubali” haitoshi. Nyimbo za unyago si za kila sikio. Anayerekodi awe mwanamke aliyekubaliwa na kungwi, na anayenukuu vilevile. Idhini iwe na ngazi: kwa wote, kwa watafiti, kwa wanawake tu, au isitolewe kabisa mpaka wahusika waseme. Mzee awe na haki ya kubadili ngazi hata baada ya mwaka, na jina la atakayepokea ombi hilo liandikwe. Kwenye mfuko huu mpango wa namna hiyo huliongezea ombi nguvu, na ndiyo sehemu ambayo kikundi cha mtaani kinaweza kuiandika vizuri kuliko mshauri yeyote wa kulipwa.

Kabla ya hayo yote, usajili wenu uwe hai na akaunti ya benki iwe kwa jina la kikundi. Vikundi vya ngoma na taarab viwe na cheti cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Kama mlicho nacho ni maandishi ya zamani, tuseme tenzi za hati za Kiarabu zilizo sandukuni kwa familia, kuna Endangered Archives Programme ya British Library. Wanapokea ombi moja kwa moja kutoka kwa taasisi, hulipia upigaji picha wa hati, na hati zenyewe hazitoki nchini. Kurekodi masimulizi mapya hawalipii. Kanda za taarab za enzi za Black Star na Lucky Star nazo ni za karibuni mno kwao. Hizo zipelekwe kwa Modern Endangered Archives Program ya UCLA, inayoshughulika na makusanyo ya karne ya 20 na ya sasa.

Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) haina riba, lakini ni mkopo. Kikundi kinachouza maonyesho ya ngoma kinaweza kuumudu. Kinachonukuu masimulizi hakina mauzo ya kurudishia.

Mkiamua kwenda UNESCO, mwoneni afisa utamaduni mkiwa na kurasa mbili za wazo kwa Kiswahili, bajeti iliyovunjwa kwa mistari, na saini za wenye mila kutoka kila kijiji kilichotajwa. Asipopata saini za kijiji kimoja, atawarudisha, na atakuwa sahihi.