Globu za LED kwenye taa za ukungu: uzoefu wangu njia ya Mbeya–Tukuyu

Nabeba ndizi na maparachichi kutoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini. Kipande cha Uyole, Isyonje hadi Kiwira nakipita mara tatu au nne kwa wiki, mara nyingi kabla hakujapambazuka. Anayeijua njia hiyo anaujua na ukungu wake: unaondoka Uyole kukiwa safi kabisa, ukifika juu mstari wa katikati ya barabara haupo tena.

Gari yangu ni Toyota iliyotumika Japani. Ilikuja na taa za ukungu kwenye bampa, globu za halojeni, zile za uzi unaowaka, za aina ya H11, wati 55 kila moja. Zilikuwa zimefifia, nikaamua kuweka LED, ambazo mwanga wake hutoka kwenye vichipu vidogo badala ya uzi.

Seti ya kwanza niliinunua kwa shilingi 45,000. Boksi lilisema lumeni 20,000, yaani wingi wa mwanga, na mwanga mweupe wa kelvini 6,000, kipimo cha rangi yake. Hiyo namba ya lumeni msiiamini. H11 ya kawaida hutoa kama lumeni 1,350 hivi, na kijiglobu cha LED kinachokula wati ishirini na kidogo hakiwezi kutoa mara kumi na tano ya hapo.

Usiku wa kwanza hapakuwa na ukungu, nami nikafurahi kweli. Barabara ilikuwa nyeupe, hadi nyasi za pembeni unazihesabu. Siku ya nne nikakutana na ukungu wenyewe pale Isyonje. Ghafla mbele yangu ukasimama ukuta wa maziwa. Nikapunguza mwendo mpaka gari ikawa inatambaa, nikashusha kioo ili nisikilize kama kuna gari linakuja. Nilipozima zile taa mpya, nikabaki na dimu peke yake, ndipo nikaanza kuuona ukingo wa lami. Yaani taa nilizozinunua kwa ajili ya ukungu ndizo zilizokuwa zinanificha barabara. Na kabla sijazizima, lori lenye tela lililokuwa linapanda lilinipigia fuli mara mbili. Sikumlaumu yule dereva. Nilikuwa nimempofusha, kwenye kona, na upande wake ndio wenye bonde.

Jioni yake nilikwenda kwa fundi umeme. Aliniambia nisimamishe gari hatua kama kumi kutoka ukutani, akawasha. "Kaka, tazama, taa zako zinamwaga mwanga juu." Taa ya ukungu inatakiwa itandaze mwanga chini, upana mkubwa, na juu ukatike kwa mstari ulionyooka. Yangu ilikuwa imetapakaa hadi kwenye dirisha la jirani. Kioo cha ndani cha taa kimetengenezwa kufuata mahali uzi wa halojeni unapokaa. Vichipu vya LED zangu vilikuwa vimekaa juu na chini badala ya kulia na kushoto. Akazizungusha, mambo yakapungua, lakini kiini chake, kile kijiti kinachobeba vichipu, kilikuwa kinene mno na mstari haukunyooka.

Nikanunua seti ya pili, shilingi 70,000: njano, kelvini 3,000, kiini chembamba. Tulizifunga vichipu vikitazama pembeni, tukashusha taa zote mbili kidogo kwa skrubu yake, tukasafisha na vioo vya nje vilivyokuwa na ukoga wa miaka.

Hizi nazisifu. Kwenye ukungu mzito sioni mbali, na hakuna taa itakayonionyesha mbali, ila kingo mbili za barabara na mashimo ya karibu nayaona, naenda kwa kilomita 30 bila kukunja mabega. Watu husema njano inapenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, yanatawanya rangi zote karibu sawa. Faida niliyoipata mimi iko machoni: ule weupe wa kibuluu ulikuwa unanichosha vibaya, njano hainichoshi.

Kasoro zipo. Nikiwasha, redio ya FM inakwaruza, hasa stesheni za mbali. Halafu LED haipashi joto kioo cha mbele cha taa kama halojeni, kwa hiyo unyevu ukiingia haukauki upesi.

Kuna aliyenishauri niweke halojeni za wati 100 badala ya haya yote. Fundi alikataa, na alikuwa sahihi. Mbili ni wati 200. Kwa volti 12 ni karibu ampea 17, wakati fyuzi yangu ni ya 15. Ukiweka fyuzi kubwa zaidi, kinachofuata kuungua ni waya au kioo chenyewe cha plastiki.

Sasa ni mwezi wa nane tangu nizifunge hizi za njano. Taa ya kushoto inashika mvuke ndani, naipeleka Jumamosi ikabadilishwe mpira wa nyuma. Zile nyeupe bado ziko nyumbani kwenye boksi lake. Dereva mwenzangu wa Kiwira anazitaka kwa nusu bei, nami nimekataa kumuuzia, kwa sababu tunapishana naye kila alfajiri.