Vitabu viwili kuhusu historia na sanaa ya Afrika: mapitio kutoka Mwanza

Anayeingia duka la vitabu mjini Mwanza hukuta rafu ndefu za vitabu vya kiada, vya dini na vya ujasiriamali, lakini vitabu vya historia vilivyoandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, asiyejiandaa kwa mtihani wowote, ni vichache, na vya sanaa ni adimu zaidi. Ndiyo maana vitabu viwili ninavyovipitia hapa ilibidi niviagize Dar es Salaam, vikaletwa kwa basi. Cha kwanza ni *An African History of Africa* cha Zeinab Badawi, kilichotoka mwaka 2024. Cha pili ni *Africa's Struggle for Its Art* cha Bénédicte Savoy, ambacho toleo lake la Kiingereza lilitoka mwaka 2022 baada ya kuchapishwa kwanza kwa Kijerumani. Nimevisoma nikiwa na swali moja: je, mwandishi anatuonyesha alikoyapata anayotueleza, na Waafrika wenyewe wanasikika humo wakisema, au wanatajwa tu?

Badawi ni mwanahabari aliyezaliwa Sudan na kukulia Uingereza, na kitabu chake kinatokana na miaka mingi ya kuzunguka bara hili kwa ajili ya mfululizo wa vipindi vya televisheni. Kwa swali langu la kwanza anajibu vizuri. Kila anapofika huwatafuta wanahistoria, waakiolojia na wahifadhi wa makumbusho wa nchi husika, akawaacha waeleze wenyewe, na msingi wa kazi yake yote ni Historia ya Jumla ya Afrika ya UNESCO, mradi ulioanzishwa mwaka 1964 ambao juzuu zake nane za kwanza ziliandikwa kwa sehemu kubwa na wanazuoni wa Afrika. Juzuu hizo ni nene na nzito, na mtu anayerudi nyumbani jioni akiwa amechoka hawezi kuzimaliza. Badawi amelifanya jambo la maana sana kuyatoa yaliyomo huko na kuyaweka mahali ambapo msomaji wa kawaida anaweza kuyafikia.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile ya ufalme wa Kush. Hapo mwandishi yuko nyumbani kwao, na inaonekana: anaeleza kwa uchungu na kwa fahari jinsi Sudan inavyomiliki piramidi nyingi kuliko Misri huku walimwengu wengi wakiwa hawajui hata kwamba zipo. Pwani ya Waswahili nayo imepata nafasi ya kutosha. Hata hivyo, msomaji wa kandokando ya Ziwa Victoria atahisi njaa kidogo, kwa kuwa falme za Maziwa Makuu, yaani Buganda, Karagwe, Bunyoro na jirani zao, hazikupewa uzito ulioupata Kush. Huo ni upungufu wa kweli, si manung'uniko ya mtu anayevutia kwake tu, kwa sababu eneo hili lina historia ndefu ya utawala na ya ufuaji wa chuma, na wanaakiolojia wamelichimba na kuliandika kwa miongo mingi. Lugha yake ni nyepesi, sura hazichoshi, na kijana wa kidato cha tano anaweza kukisoma bila msaada mkubwa.

Kitabu cha Savoy ni cha namna nyingine kabisa, na kwa maoni yangu ndicho kikubwa zaidi kati ya hivi viwili, ingawa ni chembamba. Mwandishi ni mwanahistoria wa sanaa kutoka Ufaransa anayefundisha Berlin, na ndiye aliyeandika pamoja na Felwine Sarr wa Senegal ile ripoti ya mwaka 2018 iliyomshauri Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa kurejesha kazi za sanaa zilizochukuliwa Afrika wakati wa ukoloni. Wengi walidhani mjadala huo ulizaliwa mwaka huohuo. Savoy anathibitisha, kwa nyaraka alizozifukua mwenyewe, kwamba Waafrika walikuwa wamekwisha kudai mali zao miaka zaidi ya 50 iliyopita, wakajibiwa kwa hila, kisha madai yao yakasahaulishwa.

Simulizi inaanza Januari 1965, pale jarida la *Bingo* la Dakar lilipochapa tahariri ya mshairi Paulin Joachim akitaka sanaa ya watu weusi irudishwe kwao. Kutoka hapo sura zinafuata miaka, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1972 Nigeria inaiomba Ujerumani Magharibi iiazime kwa muda mrefu baadhi ya kazi za sanaa za Benin, mji wa kifalme ulio katika Nigeria ya leo, zile zilizoporwa askari wa Uingereza walipouvamia mji huo mwaka 1897. Wanadiplomasia wa Ujerumani hawaoni ubaya, lakini wakuu wa makumbusho wanakataa katakata. Mwaka 1973 Mobutu, rais wa Zaire (Kongo ya Kinshasa ya leo), analipeleka suala hilo mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kabla mwaka haujaisha azimio linapitishwa. Kwa ajili ya FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa Waafrika lililofanyika Lagos mwaka 1977, Nigeria inachagua kuwa nembo barakoa ya pembe ya ndovu ya Malkia Idia wa Benin, kisha inaiomba Uingereza iiazime barakoa yenyewe kwa muda wa tamasha. British Museum inakataa.

Kinachokipa kitabu hiki nguvu ni kwamba Savoy hapigi kelele. Anaweka mezani barua, kumbukumbu za vikao na maelekezo ya ndani ya ofisi, na msomaji anaona kwa macho yake jinsi wasomi wenye heshima zao walivyokuwa wakishauriana kuzuia haki. Jambo lililonishtua kuliko yote ni suala la orodha. Nchi za Afrika zilikuwa zikiuliza swali la kawaida kabisa, yaani ni vitu gani vyetu mnavyo, na ndani ya makumbusho ya Ujerumani wakubwa walikuwa wakionyana kwamba orodha zisichapishwe, kwani zikichapishwa zitaamsha tamaa ya kuvidai. Mtu huwezi kudai usichokijua kiliko. Ukurasa huo niliusoma mara mbili, na ninautaja hapa kwa sababu unaeleza mengi kuhusu hali yetu ya leo kuliko hotuba nyingi.

Si kwamba kila Mzungu humo ni adui, na Savoy ni mwangalifu kwenye hilo. Anamweleza kwa heshima Herbert Ganslmayr, mkurugenzi wa makumbusho ya Bremen, aliyesimama hadharani kuunga mkono urejeshaji huku wenzake wakimtenga. Msomaji wa Tanzania hapo atakumbuka kwamba ni katika makumbusho ya Bremen ndimo lilimopatikana fuvu lililorejeshwa Kalenga mwaka 1954 likiwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe. Fuvu la mtu si kazi ya sanaa, lakini ghala lilikuwa lilelile na ukaidi ulikuwa uleule.

Vitabu hivi viwili vinakutana kwa mtu mmoja: Amadou-Mahtar M'Bow wa Senegal, aliyeiongoza UNESCO kuanzia mwaka 1974 hadi 1987. Chini yake ndipo juzuu za historia anazozitegemea Badawi zilianza kutoka, na yeye ndiye aliyetoa mwito wa Juni 1978 wa kutaka mataifa yaliyonyang'anywa urithi wao yarejeshewe walau kazi zile zinazobeba roho ya utamaduni wao. Ndiyo sababu ninashauri visomwe pamoja: kimoja kinaeleza tulichokuwa nacho, cha pili kinaeleza kilikokwenda na kilichofanywa ili tusikipate.

Dosari ya Savoy ni kwamba macho yake yako zaidi Afrika Magharibi na Zaire, na Afrika Mashariki inabaki pembeni. Ningependa sana kusoma uchunguzi wa aina hii kuhusu kiti cha enzi cha Wanyamwezi, chenye umbo la mtu lililochongwa kwenye egemeo lake, ambacho kimo katika makusanyo ya Berlin. Kwa sasa msomaji wa Mwanza ana njia moja ya kulijazia pengo hilo, nayo ni kupanda daladala hadi Kisesa na kutembelea Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padri David Clement na kufunguliwa mwaka 1968. Pale, ndani ya jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, utaona viti na ngoma za watemi vikiwa karibu na koo zilizovitumia, na utaambiwa kipi kilikuwa cha utemi upi. Aliyekwisha kumsoma Savoy atasikiliza maelezo hayo kwa makini ya aina nyingine.

Tatizo kubwa la vitabu vyote viwili ni lugha. Vyote viko kwa Kiingereza, na wachapishaji wetu wakipata haki ya kutafsiri, ningewasihi waanze na cha Savoy, kwa kuwa ni kifupi na sura zake hazizidi kurasa chache. Mwalimu wa historia wa kidato cha tano au cha sita asisubiri tafsiri: sura ya 1972 na ile ya 1977 zinaweza kusomwa na kujadiliwa darasani katika vipindi viwili, na kwa mnunuzi mwenye fedha ya kitabu kimoja tu, basi anunue hicho.