Uzoefu wangu na chapa mbili za "Malaika Aliyejeruhiwa" wa Hugo Simberg

Nimenunua chapa mbili, yaani nakala zilizochapwa kwenye karatasi, za mchoro huu wa Simberg, mchoraji wa Ufini, ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza niliiagiza mtandaoni, kwenye duka ambalo sitalitaja. Ya pili niliibeba mwenyewe kutoka Helsinki nilipokwenda kumtembelea dada, baada ya kusimama mbele ya mchoro halisi. Kama unataka kuutundika nyumbani kwako, nisome kwanza.

Wavulana wawili wamebeba machela ya miti. Juu yake ameketi malaika mwenye gauni jeupe, kichwa kimeinama, macho yamefungwa kitambaa. Wa mbele amevaa nguo nyeusi na kofia, anaangalia njia. Wa nyuma amegeuka anakukazia macho wewe unayetazama, kana kwamba unajua aliyefanya haya. Sisi mtoto mchanga tunamwita malaika, na nadhani ndiyo sababu picha hii ilinishika: niliona mtoto anayebebwa na watoto wenzake.

Chapa ya kwanza ilikuwa ya sm 50 kwa 70, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mchoro halisi una kimo cha sm 127 na upana wa sm 154, umbo linalokaribia mraba kuliko karatasi ile. Ili ijae, waliochapa walikata juu na chini. Anga kupungua ningevumilia, lakini viatu vya wavulana viliondoka! Viatu vile vizito ndivyo vinavyokuonyesha kwamba wanakanyaga udongo na kwamba mzigo wao ni mzito kweli. Rangi zilikuwa za manjano mno, na karatasi iling'aa hadi doa la damu kwenye bawa likapotea. Nikabaki na malaika aliyejeruhiwa asiye na jeraha. Niliirudisha, pesa zikaja baada ya wiki tatu za kuandikiana.

Mchoro halisi uko Ateneum, jumba la sanaa lililo jirani na stesheni kuu ya treni ya Helsinki. Nilikaa mbele yake karibu saa nzima. Kilichonishangaza ni ukimya wa rangi: maji, vilima vya ng'ambo na anga vyote vimefifia, hivyo weupe wa bawa na wekundu wa lile doa dogo vinakujia vyenyewe. Mkononi malaika ameshika maua madogo meupe, yale yanayochomoza theluji inapoanza kuyeyuka. Kwenye chapa yangu ya kwanza nilidhani ni kitambaa. Mandhari ni ya kweli pia, ufuko wa Töölönlahti palepale mjini, na kesho yake mimi na dada tulitembea huko.

Simberg alizaliwa Hamina mwaka 1873. Mwaka 1895 alikwenda Ruovesi, vijijini, kujifunza kwa Akseli Gallen-Kallela, yule aliyechora mashujaa wa Kalevala, utenzi wa ngano za Kifini, wakati Ufini ilikuwa chini ya tsar, mfalme wa Urusi, na watu wakilitafuta taifa lao katika ngano za kale. (Ndiye huyohuyo aliyehamia Nairobi na mkewe na watoto wao mwaka 1909, akachora Kenya.) Mwanafunzi hakufuata mashujaa. Alichora vishetani wanyonge, na katika "Bustani ya Mauti" ya 1896, mchoro ambao viganja viwili vinatosha kuufunika, akachora mifupa yenye majoho meusi ikitunza maua kwa upole kama bibi na bustani yake. Kwangu mimi huo ni ujasiri kuliko panga zote za Kalevala.

Malaika alimkamilisha mwaka 1903, baada ya kuugua vibaya na kulazwa kwa muda mrefu. Maana yake hakuieleza, alitaka kila mtu ajionee. Mwaka 2006 Wafini waliuchagua kwa kura kuwa mchoro wa taifa lao. Aliurudia ukutani kwenye kanisa kuu la mji wa Tampere, ambako pia kuna Bustani ya Mauti, kubwa safari hii. Huko sijafika bado, na inaniuma.

Chapa ya pili naipa nyota nne. Karatasi haing'ai, doa linaonekana, viatu vipo. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu uso wa mvulana wa nyuma umeingia giza kidogo, na uso ule ndio moyo wa picha. Mama alipoiona aliuliza jambo moja tu: "Wanampeleka wapi?" Nikamwambia mchoraji hakusema. Akavuta kiti, akakaa kuitazama.

Ukiagiza, chagua sm 50 kwa 60, au karatasi kubwa yenye ukingo mweupe pande zote. Fremu usiitundike mkabala na dirisha. Kioo kikipigwa na mwanga, damu haionekani tena.