Seti ya kujiundia taa ya usiku: rezista moja, na jibu lililonikera kuliko rezista yenyewe

Seti hii ya kujiundia taa ndogo ya LED inayotumia betri nisingemshauri mtu yeyote ainunue, na sababu yangu ni rezista moja tu, yaani kile kipande kidogo kinachopunguza mkondo wa umeme. Taa inapaswa kuwaka giza linapoingia na kuzimika kunapopambazuka. Yangu, baada ya kulehemu kila kitu kama mchoro ulivyoelekeza, iliwaka mchana kutwa chumbani, ikawa inazimika pale tu nilipoisogeza dirishani penye jua kali. Betri ya volti 9 iliisha kabla wiki haijakatika.

Nilimwandikia muuzaji kwa adabu, nikamwambatishia picha za pande zote mbili za bodi. Alinijibu kwa sentensi moja: "Weka betri mpya, na ujifunze kulehemu kwanza." Hakuuliza nimepima nini, ilhali nilikuwa nimeshapima: taa ikiwaka, mkondo ulikaribia miliampea 7, na kwa kuwa betri ya aina hiyo hubeba takriban miliampea-saa 500, ilikuwa lazima iishe kwa siku tatu hivi, hata kama angelehemu fundi aliyebobea.

Chanzo ni rezista inayopeleka umeme kwenye beizi, yaani mguu wa kuamrisha, ya transista, ile swichi ya kielektroniki inayowasha na kuzima taa. Waliofunga seti waliweka yenye ukinzani (uwezo wa kuzuia umeme) wa omu 10,000, yenye mistari ya kahawia, nyeusi na chungwa. Kwa thamani hiyo, kihisi cha mwanga hakiwezi kuishusha beizi chini ya volti 0.6 ili taa izimike, mpaka ukinzani wake wenyewe, unaopungua mwanga unapozidi, ufike omu 700 hivi, na mwanga wa kawaida wa chumbani haukifikishi huko. Hata taa inapozimika, karibu miliampea nzima huendelea kupotea bure kupitia kihisi hicho. Kwa kifaa kinachouzwa kwa sifa ya kutumia umeme kidogo, kosa hilo siwezi kulisamehe.

Niliing'oa, nikaweka ya omu 470,000. Sasa umeme unaotumika mchana haufiki mikroampea 20, na jioni taa inawaka yenyewe kwa mwanga mpole, unaotosha kuonyesha njia bila kumsumbua aliyelala. Kwa kweli inapendeza mno. Bodi imechorwa kwa ustadi, maandishi yake yanasomeka, na anayeanza kujifunza saketi atafaidika nayo sana. Kwa hiyo pengine nilikosea kusema isinunuliwe, maadamu mnunuzi ana mita ya kupimia umeme na rezista ya akiba.

Lakini asiye na mita je? Ataambiwa hajui kulehemu, ataamini, na ataiacha kazi hii moja kwa moja. Hilo ndilo linaloniudhi. Nilimtumia muuzaji vipimo vyangu pamoja na thamani iliyofaa. Hakujibu, na seti bado inauzwa na rezista ileile. Nilikusudia kuipa nyota nne kwa jinsi taa inavyowaka sasa. Naipa mbili, na zote mbili ni za aliyechora bodi.