Ovaloki ya nyumbani: ninunue au nisinunue?

Wanawake wenzangu mnaoshonea nyumbani na mnaojiuliza kama ovaloki, ile mashine ya kukata na kufunga kingo za kitambaa, inafaa, mnisamehe, bado nina hasira.

Mashine yenyewe ni nzuri, naanza na hilo nisije nikaidhulumu. Ni ile ndogo ya mezani, ya nyuzi nne. Niliinunua Kariakoo mwaka jana kuelekea Idi, maana nilichoka kubeba magauni hadi kwa fundi wa ovaloki nikakuta foleni, au umeme umekatika, au kanipigia uzi mweupe kwenye kitambaa cheusi kwa sababu anaona tabu kubadilisha.

Dukani niliikuta imeshatungwa nyuzi zote. Kijana akapitisha kipande cha kitenge, kisu kikakata ukingo, nyuzi zikaufunga, hakuna hata uzi mmoja unaochomoza. Nikalipa papo hapo. Kutunga uzi hakunionyesha, na kitabu cha maelekezo ni Kichina kitupu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka uzi wa lupa ya chini ulipokatika. Lupa ni vile vyuma viwili vinavyobeba uzi kuukutanisha na wa sindano. Nikautunga upya kwa kufuata alama za rangi, nikakanyaga pedeli, ukakatika. Nikatunga tena, ukakatika tena. Nikaibeba mashine kwenye mwendokasi, watu wanasukumana, hadi dukani. Yule yule kijana, macho kwenye simu: "Mama, hizi mashine ni za mafundi. Kama huziwezi, baki na cherehani yako ya kawaida." Mbele ya wateja! Siku ya kupokea hela yangu hakuniuliza kama mimi ni fundi. Nikamwomba anionyeshe mara moja tu, akasema hiyo ni hela nyingine na anayejua hayupo.

Aliyeniokoa ni mzee anayeshona kibarazani mtaani kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akaitazama mashine, akasema: "Toa kwanza uzi wa sindano, mwanangu. Lupa ya juu, kisha ya chini, sindano mwisho." Kumbe ukitunga lupa ya chini wakati sindano zimeshatungwa, uzi wake unanaswa na nyuzi za sindano pale chini na kukatika palepale. Basi! Maneno hayo machache ndiyo yule kijana alininyima.

Nilikusudia kuwaambia msinunue. Na kweli, kama unashona mapazia na foronya, zigizagi ya cherehani ya kawaida inatosha. Ovaloki haitii zipu, haitoboi matundu ya vifungo, cherehani yako utaendelea kuihitaji, na ovaloki yenyewe inakula uzi vibaya mno.

Lakini juzi juzi nilimshonea mwanangu fulana ya kitambaa cha kuvutika. Nikauvuta mshono kwa nguvu zote mbele ya dirisha: hakuna uzi uliokatika, ukarudi palepale bila kujikunja. Kwa cherehani yangu mshono wa namna hiyo ulikuwa unakatika mtoto akivaa tu. Hapana, nunueni. Wanaoshona nguo za watoto nunueni kabisa, hata kwa kuweka akiba kidogo kidogo.

Ila mwambieni muuzaji atoe nyuzi zote na kuzitunga upya mbele yenu kabla hamjalipa. Akikataa, ondokeni. Mimi sindano na visu vyangu nanunua kwingine siku hizi, na duka lile napita ng'ambo ya barabara.